Mbwa Asiyejua "Njoo"

Lewisham, London
26 Oktoba 1986

Kaka Khelef,

"Mwislamu haingii nyumba yenye mbwa, na akiingia halali." Hayo ni maneno yako ya barua ya Agosti. Nimeyanakili kama ulivyoyaandika, usije ukasema nimekuzulia. Nilipolisoma hilo neno la mwisho nilicheka peke yangu jikoni: ni halali ya kutolala, au halali iliyo kinyume cha haramu? Mwalimu mzima wa Kiswahili unatoa fatwa inayosomeka pande mbili.

Najua barua huanza kwa salamu. Ulinifundisha mwenyewe: kwanza dua, kisha afya, kisha watoto, kisha mvua, ndipo mtu aseme shida yake. Leo hasira yangu imefika kabla ya salamu, na siwezi kuiambia ikae barazani ingoje.

Basi salamu. Mimi sijambo. Nisalimie wifi yangu na mwanenu Rahika. Baridi imeanza, saa kumi na moja jioni ni kiza, na asubuhi nikitoka kwenda shule kufundisha taa za barabarani bado zinawaka. Miguu yangu ni barafu tangu mwezi huu uanze. Dawa yake ni mbwa. Nikikaa na gazeti, huja akajilaza juu ya miguu yangu na kuguna kama mzee aliyeshiba, na hapo ndipo nyumba inapokuwa nyumba.

Sasa tuje kwenye jambo. Miaka ishirini na miwili nimekungoja. Nilikuja huku kusomea ualimu nikiwa na mimba, mapinduzi yakanikuta huku, na mume wangu akapotea huko mpaka leo. Wewe ndiye uliyemtafuta hospitali na magereza. Mimi kurudi siwezi. Gazetini nimewaandika wakubwa wa huko kwa majina yao. Wewe kutoka ulikuwa huruhusiwi. Sasa wameruhusu. Pasipoti unayo, umeniambia. Unakuja Aprili, unakaa nami mpaka maua yaishe. Niliisoma barua hiyo nimesimama, kisha nikafika mstari wa mwisho: muondoe mbwa kwanza.

Katika madhehebu ya Wamaliki mbwa ni twahara, si najisi, na Wamaliki si makafiri. Utaniambia sisi ni Mashafii. Kweli, lakini mimi sikukuomba umkumbatie. Wewe utalala juu, yeye jikoni. Unaandika tena kwamba malaika hawaingii alipo mbwa. Kaka, mwezi wa Februari mwaka jana malaika mmoja aliingia nyumba hii. Mbwa alikuwa amelala mlangoni pa chumba hichohicho cha juu. Malaika hakusita, wala hakugeuka akaenda nyumba ya pili. Nijibu hilo kwanza, kisha tutazungumza nani anaingia na nani haingii.

Simwondoi. Njoo.

Mdogo wako,
Zuwena

*

Kikwajuni, Unguja
21 Novemba 1986

Kwa mdogo wangu Zuwena binti Hamdun,

Asalaam aleikum. Baada ya kukuombea kheri na hifadhi, sisi huku wazima, ila magoti ya wifi yako yanalia kila akipanda ngazi, naye anayajibu. Rahika amemaliza shule na sasa yuko nyumbani ananisaidia kazi zangu. Umeme unakwenda na kurudi. Mvua za vuli zimechelewa, kisha zikaja zote kwa mkupuo, ukuta wa uani ukaanguka nusu.

Nimepata barua yako, na salamu nimeziona zilipo, zimebanwa katikati kama abiria aliyechelewa. Wamaliki nawajua tangu hujazaliwa. Hilo la neno "halali" umenipata, nimelistahili. Lakini unajua nilichomaanisha.

Hebu nikuulize na mimi. Ni kweli anayosema mtoto wa Bi Shariffa aliyepita kwako, kwamba mbwa huyo anaitwa Halua? Zuwena! Kitu tunachomtengea mgeni na kahawa! Siku nikija ukisema "leta halua", atakuja nani? Mtu akikwambia "halua yako tamu", umshukuru au umpeleke hospitali?

Juu ya malaika uliyemtaja, mwenye jibu hasemi nasi. Mungu amrehemu mwanao Mundhir, amlaze mahali pema. Naliandika jina lake mimi kwa sababu barua yako nzima hukuliandika. Ya Juni pia hukuliandika. Ulisema "mwenye mbwa".

Sitaki ugomvi. Mpe jirani mbwa huyo. Umeniandikia mara nyingi habari za yule Kalasinga wa mlango wa pili, kwamba ni mtu mwema. Mpe yeye. Mimi mtu mzima, udhu wangu na sala zangu siwezi kuziweka rehani kwa ulimi wa mnyama. Akitoka yeye, nitaingia mimi.

Kaka yako,
Khelef

*

Lewisham
14 Desemba 1986

Kaka yangu mpenzi,

Aleikum salaam. Leo naanza kwa adabu ili usipate pa kushikia. Pole ya ukuta. Mpe wifi pole ya magoti, mwambie akande kwa maji ya chumvi. Huku maji yenyewe yanaganda. Asubuhi nimekuta kioo cha barafu ndani ya bakuli la mbwa, yeye amekaa mbele yake ananitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyelifunga bakuli. Mbona mwandiko wako umekuwa mzuri uzeeni? Ulikuwa unaandika kama kuku aliyepita kwenye wino.

Umesema nimpe jirani. Surinder alimtaka, nikakataa, na sababu yake nitakwambia mara moja tu.

Mbwa huyu hajui Kiingereza. Ana miaka karibu kumi London na hajui hata neno la kumwambia akae. Anajua Kiswahili, tena si changu.

Mtoto alipoingia shule alianza kunijibu kwa Kiingereza. Watoto wote wa huku ni hivyo, wanakusikia vizuri na wanakujibu kwa lugha ya mwalimu wao. Wangu kila akijaribu nilimsahihisha. Akisema "nyumba mdogo", nasema nyumba ndogo. Akisema "maziwa imeisha", nasema yamekwisha. Wewe ulinifanyia hivyohivyo, na rula mkononi, nami nikawa mwandishi. Yeye akanyamaza. Sijutii kumfundisha mtu lugha yake, na usinijibu hilo.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu akarudi kutoka sokoni na mtoto wa mbwa kifuani, ndani ya koti. Jina alimpa yeye. Alisema rangi yake inang'aa kama kile nilichokuwa nikimpikia Idi. Jioni moja nilipanda ngazi na maziwa ya moto, nikasikia mtu anazungumza Kiswahili chumbani. Nilidhani ni redio. Alikuwa yeye na mbwa wake. "Halua, kuja. Kuja hapa. Leo mwalimu yangu alikasirika sana na mimi." Akamweleza siku nzima, makosa matupu, mwalimu yangu, kiatu langu, yote, na yule akimsikiliza bila kumkatiza. Nilikuwa na mkono kwenye kitasa. Neno "wangu" lilikuwa hapa mdomoni. Sikufungua. Nikayanywa yale maziwa mwenyewe, ngazini.

Basi hiki ndicho Kiswahili anachojua mbwa huyu, na msingi wake ni hilo neno "kuja". Mimi namwambia njoo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba "kuja" haiamrishwi ila kwa "njoo", na kwamba mtu anayesema "kuja hapa" amshukuru Mungu kama bado ana marafiki. Nimeandika vijitabu viwili juu ya watu wanaoikatakata lugha hii. Namwambia njoo, ananitazama kwa heshima tu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni wa serikali. Hasogei. Inabidi niende nikamshike ukosi.

Hilo neno lake sijalisema hata siku moja. Usiniulize kwa nini.

Nikimpa mtu, atakuwa anazungumza naye nini?

Zuwena

*

Lewisham
18 Januari 1987

Kaka Khelef,

Sijapata jibu lako, lakini nakuandikia tu, maana shule zimefungwa, treni hazitembei na mimi sina wa kumweleza.

Wiki hii imeanguka theluji ambayo watu wa hapa wanasema hawajaiona miaka mingi. Imefika magotini. Magari yamekuwa vichuguu. Waingereza, ambao mwaka mzima hawasemeshani, wamesimama mabarazani wanaulizana hali. Birika haitoki jikoni. Nimevaa soksi mbili, koti ndani ya nyumba, na kanga nimejifunga kichwani juu ya kofia ya sufi. Ungeniona ungesema nimetoka kwenye ngoma ya wehu.

Jumatano mchana nilimfungua mbwa uani, mara moja tu, ajisaidie. Uzio ulikuwa umezikwa wote, akapita juu yake bila kujua kuwa ni uzio. Nilipotoka na chai yangu hayupo. Ile theluji inaficha kila kitu, Kaka, hata harufu. Mbwa hawezi kunusa njia yake. Nikatoka barabarani. Nikamwona mbali, kule mwisho karibu na sanduku la posta, doa la kahawia linazunguka mahali pamoja. Nikaita njoo. Halua, njoo! Akasimama, akageuka upande mwingine, akazidi kwenda. Barabara kuu iko pale, na lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji nililisikia linakuja. Nilikimbia nikaanguka, nikaamka nikaanguka. Njoo! Njoo! Sauti imenikauka.

Surinder akafungua dirisha la juu. Kilemba hajafunga, nywele mabegani, amejitanda blanketi. Nilikwambia huyu kazaliwa Kisumu, kafanya kazi reli, na Kiswahili chake ni cha reli hasa.

"Mama!" akapiga kelele. "Hii mbwa haijui hiyo njoo yako! Wacha kiburi! Sema kuja!"

"Wewe ndiye uliyemharibu mtoto wangu!" nikamjibu. Nilimwambia hivyo, Kaka, nimepiga magoti kwenye theluji. Kwa sababu ndiyo kweli: neno lile mtoto alilitoa kwake, wakicheza mpira nyuma ya nyumba.

"Sawa, mimi niliharibu! Utanipiga baadaye! Sasa sema!"

Nikasema.

Nilisema mara moja, na halikutoka kwa nguvu. Yule mbwa akainua kichwa. Hakuja mbio mara moja. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma yangu, mlangoni. Alikuwa anamtafuta mtu mwingine. Kisha akaja.

Nimemkausha kwa taulo zote tatu. Tangu jana anakohoa. Daktari wa wanyama kasema mzee huyu apate joto, basi nimemhamishia chumbani kwangu, na fatwa yako nimeiacha jikoni mahali pake.

Niandikie.

Zuwena

*

Kikwajuni, Unguja
20 Januari 1987

Kwa mdogo wangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na baridi imepungua. Sisi wazima. Wifi yako amejaribu maji ya chumvi, anasema yamemsaidia goti moja, la pili ni kaidi kama wewe. Ukuta tumeujenga upya.

Barua yako ya Desemba nimechelewa kuijibu. Niliirudia mara nyingi. Kile kisa cha maziwa ngazini nimekaa nacho.

Simwachi mbwa awe twahara kwa sababu ya kisa, lakini dini yetu haikumwacha mtu bila njia. Panapoguswa na mate yake, panaoshwa mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Hili unalijua toka chuoni tulikosoma Kurani. Sasa nimefikiri, huko kwenu udongo umefunikwa na lami na theluji, na sijui wameufanyia nini. Nimechota wa uani kwetu, pale ukuta ulipoanguka, ulikuwa safi chini yake. Nimeupeta na kuufunga katika mfuko wa kitambaa. Atakuletea muuguzi mmoja wa Tanga, Anastasia, anafanya kazi hospitali ya hapo kwenu na alikuja likizo. Aliogopa: "Mwalimu, uwanja wa ndege wakiniuliza nitasema nini?" Nikamwambia sema ni udongo. Akasema, "Ndiyo maana naogopa." Mwambie si uchawi.

Osha vyombo, osha sakafu. Hilo ndilo ninaloweza kukusogelea kwa sasa. Safari tutazungumza.

Kaka yako,
Khelef

*

Lewisham
22 Februari 1987

Kaka yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi, kwa goti kaidi, kwa Rahika. Mimi sijambo. Nimeandika sijambo kwa sababu ndivyo inavyoandikwa.

Halua amekufa. Kifua hakikupona. Siku za mwisho hakuwa anakula. Nilimlisha uji wa mchele kwa kidole, na kila kidole, Kaka, nakwambia ili ukasirike, nilikilamba na mimi kuona kama hauna moto. Alikufa asubuhi, nje kunanyesha ile mvua yenye barafu, kichwa chake kimelala kwenye kiatu cha mwenye mbwa, alichokuwa amekificha chini ya kabati miaka miwili bila mimi kujua.

Surinder alikuja kuchimba bustanini. Ardhi ilikuwa chuma. Tulimwaga birika baada ya birika, yeye akipiga sururu, mvuke unapanda, hata jirani wa upande wa pili akadhani tunapika. Alipomaliza akaegemea mpini wa sururu. Kisha akasema, "Mama, hii ilikuwa mbwa ya Kiswahili ya mwisho London." Nikataka kumwambia "huyu alikuwa". Nikamwacha.

Udongo wako ulikuwa umefika wiki ile. Anastasia aliuleta akiushika kwa ncha za vidole na hakukaa hata kunywa chai. Sikuoshea sakafu. Utanisamehe au hutanisamehe. Nusu niliumwaga juu ya Halua, kwa hiyo najisi yako imezikwa kwa udongo wa kwetu. Nusu nilipanda nao treni. Tarehe ya mtoto ilikuwa imefika, miaka miwili. Kwenye makaburi ya hapa wanakufukia kwa mashine, udongo mzito wa manjano unaonata, na mimi siku ile sikuwa na hata chembe ya kwetu ya kumtilia. Safari hii nilikuwa nayo. Niliufungua mfuko na ulinuka mvua. Mvua ya huko, si ya huku.

Basi sasa mbwa hayupo. Nyumba yangu inaingilika. Malaika wapishane watakavyo. Nami nakwambia kwamba mbwa hakuwa sababu, na sasa tutaona kama nasema uongo. Katika barua zako tatu sijaona neno "nitakuja" bila "lakini". Umenijibu juu ya Wamaliki, juu ya malaika, juu ya udongo. Juu ya siku ya ndege hujanijibu.

Na mwandiko huu si wako. Wewe ulikuwa huvuki mstari bila kuukanyaga. Huu ni wa msichana wa shule.

Una nini, Kaka?

Zuwena

*

Kikwajuni, Unguja
5 Aprili 1987

Kwa mdogo wangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Wifi yako hajambo. Mvua za masika zimeanza.

Pole kwa msiba. Nimekaa siku nyingi nikijiuliza kama inafaa kumpa mtu pole ya mbwa, nikaona pole si najisi. Udongo ulipoupeleka umeupeleka mahali pake. Sina cha kukusamehe.

Umeuliza nina nini. Sioni, Zuwena. Jicho la kushoto liliondoka mwaka juzi, la kulia limelifuata taratibu tangu mwaka jana kabla ya Ramadhani. Wanasema ni presha ya macho na muda wake wa kutibiwa umepita. Naona mwanga wa dirisha, najua mchana na usiku, basi. Barua zako ananisomea Rahika, na hizi zangu ananiandikia yeye. Nilimwapisha asikwambie.

Nilipokuandikia kwamba nakuja, bado nilikuwa naona kidogo. Nilijiambia nitafika, nitakuona, hata kama ni kivuli chako tu. Nilipoona sitawahi, nikatafuta la kusema. Nikamng'ang'ania mbwa niliyekwisha kumtaja. Niliamini niliyokuandikia, usidhani nilikuchezea kwa dini. Lakini mbwa alinisitiri. Maadamu yuko, nilikuwa mtu anayekataa kuja. Sasa amekufa nimebaki nilivyo, mtu asiyeweza.

Nije nikaone nini? Wewe ulikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, umevaa gauni la bluu, unapanda ngazi za ndege unageukageuka. Huyo ninaye. Nikija nitaongozwa mkono kama mzigo, nitakuwa nimekaa kwenye kiti chako, utanikatia nyama. Niache nikuandikie.

Kaka yako,
Khelef

Shangazi, shikamoo. Haya baba hajui kama nimeyaongeza, barua nimeshaifunga kwa mate na kuifungua tena. Pasipoti anayo, iko chini ya mto wake, na yangu pia tulikata siku moja ili nimsindikize. Ile barua ya theluji nimemsomea mara nne. Kila nikifika pale Kalasinga anaposema "sema kuja", baba anacheka mpaka anashika ubavu. Kisha ananiambia nitoke nje kidogo. Mara ya mwisho nilimsikia kutoka uani. Alikuwa analisema mwenyewe, polepole, kama mtu anayeonja kitu. Rahika.

*

Lewisham
22 Aprili 1987

Kaka Khelef,

"Nije nikaone nini?" Umeniandikia hivyo, na sasa kaa unisikilize, kwa sababu hoja hii ni dhaifu kuliko ile ya mbwa na nitaivunja mbele ya bintiyo.

Ukaone nini Lewisham? Hakuna. Nina macho mawili nakwambia. Kuna mvua, kuna foleni ya basi, kuna njiwa wa kijivu juu ya paa la kijivu. Watu hutoka dunia nzima kuja kuuona mji huu na hurudi na picha za njiwa. Na mimi ukanione nini? Yule wa gauni la bluu nami simwoni tena, namtafuta kwenye kioo kila siku. Kichwa changu cheupe. Jino la mbele limevunjika siku ile ya theluji. Umebaki wewe tu duniani unayenijua nikiwa mzuri, na nisingependa picha hiyo iharibiwe.

Sikukuita uone. Lini nilikwambia njoo unitazame? Soma barua zangu zote, au usomewe.

Kaka, nyumba hii haina mtu wa kusema. Narudi kutoka shule, navua koti, nawasha hita, naweka birika, nageuka niseme jambo, na miguu yangu ina baridi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikizungumza na mbwa kwa Kiswahili fasaha asichokielewa, na yeye akinivumilia. Kabla yake nilikuwa na mtoto anayezungumza Kiswahili mlango ukiwa umefungwa. Mundhir. Haya, nimeliandika. Mundhir, Mundhir bin Seif, mwanangu, aliyesema "mwalimu yangu". Leo angesema "mama langu" ningemjibu labeka.

Unaogopa kuongozwa mkono. Mimi sikuongozi mkono, mkono wangu mmoja una baridi yabisi. Nitakuongoza kwa sauti. Nimekwisha kuona inavyofanyika: kiumbe amesimama mahali peupe kote, hajui uzio uko wapi wala barabara iko wapi, pua haimsaidii wala macho, na neno moja linamtosha kufika mlangoni. Usikasirike nimekulinganisha na mbwa. Sikumbuki mtu niliyempenda katika nyumba hii zaidi ya wawili hao, na wewe unakuwa wa tatu.

Nyama sitakukatia. Nitakupikia mchuzi wa samaki na miba yake, utajijua. Chumba ni kile cha juu. Zulia nimelitoa, dirisha nimelifungua wiki nzima. Sakafu haijaoshwa mara saba, kwa sababu udongo uliisha, nawe unajua ulikokwenda. Lete mwingine uoshe mwenyewe. Surinder amejitolea kuja uwanja wa ndege na gari lake, na anasema mzee akitaka atamfundisha Kiswahili.

Rahika, mwanangu. Sasa nasema na wewe. Toa zile pasipoti chini ya mto, zote mbili, leo, kabla hajalala. Umwambie wifi yangu afunge mizigo. Wewe ulimsikia kutoka uani, basi unajua kama mimi kwamba mtu huyu anataka kuitwa tu. Msomee mstari unaofuata kwa sauti kubwa, akiwa amesimama. Akisema shangazi yako amekosea, akianza habari za rula, usimjibu, na wewe usilisahihishe. Lisome kama lilivyo:

Kaka, kuja.